Usingizi mzito na usingizi wa ndoto, upi unasaidia kukumbuka?

Wengi tunadhani usingizi ni mmoja tu, kumbe usiku mzima unaenda kwa mizunguko ya kama dakika 90 hivi na ndani yake ndo kuna hizi aina mbili. Ule mzito unakuja zaidi mwanzoni mwa usiku, na kwa mambo ya kukariri huu ndo mwenyewe: hipokampasi, kile kisehemu cha ubongo kinachopokea mambo mapya, inarudiarudia ya mchana na kuyahamishia polepole kwenye gamba la ubongo (tabaka lake la nje), yaani yale maneno 20 ya lugha mpya uliyoyasoma saa tatu usiku yanapitiwa tena huku wewe unakoroma tu.

Wa ndoto, ule macho yanachezacheza chini ya kope (watafiti Aserinsky na Kleitman waliuandika 1953 kule Chicago), unazidi kuelekea alfajiri na unahusishwa zaidi na kumbukumbu zenye hisia. Mimi kwa mtihani ningechagua mzito, ila ukizoea kuamka saa tisa kusoma ujue unaokatwa zaidi ni huu wa ndoto.