Kabla hujanunua kadi ya grafiki, hesabu njia zake

Miezi minne nilikuwa naweka akiba ya kadi ya grafiki. Kompyuta yangu ilikuwa na ubao mama wa B450, prosesa ya Ryzen 5 2600 na RAM ya GB 16, na niliamini kinachoniangusha ni kadi peke yake. Nikaipata mpya, ndani ya boksi, kwa bei niliyoimudu. Wiki ya kwanza nilidhani gemu ndiyo mbovu. Gari linakwenda vizuri, unaingia mjini, ghafla picha inaganda nusu sekunde, inaruka, inaendelea. Nikashusha mipangilio. Nikafuta draiva na kuziweka upya. Nikanunua hata feni ya ziada nikidhani ni joto.

Haikuwa joto. Kadi ile ilikuwa na GB 4 za kumbukumbu na njia 4 tu (lanes) za kuwasiliana na ubao, na ubao wangu ni wa PCIe 3.0, yaani kizazi cha tatu cha kiunganishi kinachopitisha data kati ya kadi na ubao. Boksi halikuandika hivyo popote. Aliyeniuzia nilimuuliza mara mbili kama itafaa kwenye ubao wangu, akajibu kwamba inaingia. Kweli iliingia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kadi gani, sianzi na fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo gemu huonyesha kila sekunde. Majedwali ya fremu yako kila mahali, na mengi hupimwa kwenye ubao wa kisasa wenye prosesa ya bei kubwa. Mtu mwenye bajeti ndogo hana ubao huo. Ana ubao wa miaka sita iliyopita, na hapo ndipo hasara inapojificha.

Iko hivi. Kadi hushika sloti, yaani tundu lake kwenye ubao, kwa njia 16, 8 au 4, na nyingi zenye njia chache hutengenezwa zikiwa na mguu mrefu uleule, kwa hiyo urefu wa mguu hautakusaidia. Njia moja ya PCIe 3.0 hupitisha takriban GB 1 kwa sekunde, na ya PCIe 4.0 hupitisha mara mbili ya hapo. Njia 4 kwenye ubao wa zamani ni kama GB 4 kwa sekunde, basi. Kumbukumbu ya kadi isipojaa, hutaona tatizo. Ikijaa, gemu inaanza kuchota picha za kuta, nguo na ardhi kutoka kwenye RAM ya kompyuta kupitia kichochoro hicho. Linganisha na RTX 3060 ya GB 12, ambayo kumbukumbu yake yenyewe hupitisha GB 360 kwa sekunde. Ukitoka GB 360 ukaangukia GB 4, picha lazima igande.

Kwa hiyo ninaangalia vitu viwili kwa pamoja: ukubwa wa kumbukumbu na idadi ya njia. Kumbukumbu kubwa husamehe njia chache, na njia nyingi husamehe kidogo kumbukumbu ndogo. Kadi iliyopungukiwa na vyote viwili haina msamaha kwenye ubao wa zamani.

Jua kwanza ubao wako. Kwa upande wa AMD, wenye prosesa za Ryzen na kadi za RX, A320, B450 na A520 ni PCIe 3.0, B550 na X570 ni PCIe 4.0. Kwa Intel, prosesa za kizazi cha 10 kurudi nyuma ni 3.0, na 4.0 ilianzia kizazi cha 11. Kisha kuna mtego ambao hata mafundi huupita: Ryzen 5 5500 na 5600G ni PCIe 3.0 hata ukizipachika kwenye B550. Umelipia ubao wa 4.0, prosesa inakurudisha 3.0.

Sasa mpangilio wangu. Nasema wazi kwamba naipendelea AMD, na sababu yangu ni soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye ubao. Prosesa za kwanza za Ryzen ziliingia humo mwaka 2017, na mwaka 2024 bado walitoa prosesa mpya ya gemu kwa soketi hiyohiyo, Ryzen 7 5700X3D. Mwenye ubao wa B450 anasasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao), anabadilisha prosesa, na hahitaji kununua ubao wala RAM nyingine. Kwa mtu anayehesabu senti, hilo ni jambo kubwa, na nalikumbuka kila ninapochagua.

Ya kwanza kwangu ni RX 6700 XT iliyotumika. Ina GB 12 na njia 16 kamili, kwa hiyo hata kwenye PCIe 3.0 inapata kama GB 16 kwa sekunde. Inakula wati 230, na AMD wenyewe wanapendekeza pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 650. Kama yako ni ya wati 450 iliyokuja na kesi, weka bei ya pawasaplai mpya kwenye hesabu kabla hujashangilia. Kadi iliyotumika ijaribiwe mbele yako kwa gemu nzito kwa nusu saa. Kuwaka na kuonyesha eneokazi si jaribio.

Ya pili ni RX 9060 XT ya GB 16, mpya. Ilitoka mwaka 2025, ina njia 16 na inakula wati 160 tu. Ukimudu kusubiri miezi miwili zaidi ukaichukua, subiri. Mshindani wake wa kikundi hicho, RTX 5060 ya Nvidia, ina GB 8 na njia 8. Kwenye ubao mpya wa PCIe 5.0 njia 8 hazikuumizi. Kwenye B450 ni hadithi nyingine, na sielewi kwa nini tofauti hiyo haiandikwi kwa herufi kubwa mbele ya boksi.

Ya tatu ni RTX 3060, lakini ile ya GB 12, njia 16, wati 170. Nakazia GB 12 kwa sababu baadaye ilitoka RTX 3060 ya GB 8, yenye basi la kumbukumbu (mkondo wa data wa kumbukumbu ya kadi) la biti 128 badala ya 192. Jina ni lilelile na kadi si ileile. Ukiona tangazo limeandika RTX 3060 bila kutaja GB, uliza.

Ya nne, RX 6600. Njia 8, GB 8, wati 132. Kwenye PCIe 3.0 inapoteza kidogo tu, kwa sababu GB 8 hazijai haraka kwenye gemu za 1080p ukiweka mipangilio ya kati. Hii ndiyo nampa mwenye pawasaplai ndogo.

Intel Arc B580 ina GB 12 na bei yake inavutia, lakini bila Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, kuwashwa kwenye BIOS haifai, na ikikutana na prosesa ya zamani hupoteza nguvu kuliko wenzake. Kwa aliye na prosesa mpya, sawa.

Chini ya hapo, GTX 1660 Super au RX 580 ya GB 8, zote za njia 16. Zinasukuma siku. Zenye GB 4 na njia 4, usiguse.

Ukishanunua, ipachike kwenye sloti ya juu, iliyo karibu na prosesa. Kwenye bodi nyingi za bei nafuu sloti ndefu ya chini ina njia 4 tu, na nimeshaona kadi nzuri ikiteseka huko kwa mwaka mzima kwa sababu mwenyewe alitaka nafasi ya hewa. Kisha fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, usome mstari wa Bus Interface. Kadi ikiwa imetulia, inaweza kuonyesha PCIe 1.1, usishtuke, bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni ili kadi ifanye kazi, ndipo usome namba ya kweli.

Prosesa sitaiongelea sana. Chukua Ryzen 5 5600, iache 5500. Majina yamekaribiana, ila 5600 ina keshi (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 na PCIe 4.0, na 5500 ina nusu ya keshi hiyo na PCIe 3.0. RAM iwe vijiti viwili vya GB 8. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde na viwili GB 51.2, na bado kuna wanaouza kompyuta za gemu zenye kijiti kimoja cha GB 16 wakisema ni sawasawa tu.

Wauzaji wa aina hii ndio wanaoniumiza. Anakuandikia "RX 580" na ndani ni toleo la 2048SP, ambalo lina nguvu za RX 570. Anakuandikia "GT 1030" bila kusema ni ya kumbukumbu ya aina ya DDR4, yenye mwendo wa kumbukumbu wa GB 16.8 kwa sekunde wakati ile ya GDDR5 ina 48. Hajasema uongo hata neno moja, ila amenyamaza pale ambapo mnunuzi angehitaji kusikia. Na anayeumia ni kijana aliyekusanya pesa kidogokidogo, asiye na ya kununua kadi ya pili. Mwenye pesa akikosea hununua nyingine jioni hiyohiyo.

Bei nazo hazituhurumii. Mwaka 2021 wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali, walizikomba kadi zote, na tulisubiri hadi mwaka 2022 ndipo bei zikashuka, na Septemba mwaka huo uchimbaji ule ukakoma. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya RAM, kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza vituo vya data vya akili bandia. Kama RAM yako ya DDR4 ni nzima, itunze, wala usiiuze ukikimbilia ubao mpya.

Kadi yangu ya njia 4 bado iko kwenye boksi lake. Kila anayeiulizia namuuliza kwanza ana ubao gani na prosesa gani. Wawili walikuwa na B450, nikawaambia waende wakatafute RX 6600. Wa tatu ana B550, lakini prosesa yake ni 5600G.