Doki ya laptopu: ulizia waya kwanza

Wasomaji wa Tanga, Ngamiani mpaka Raskazone, wananiletea lalamiko lilelile: doki, yaani boksi la kuunganisha laptopu na monita na vifaa vingine kwa waya mmoja, imeshuka na basi kutoka Dar, laptopu inachaji, monita haiwaki. Muuzaji anasema laptopu ndiyo mbovu. Nikiomba picha ya waya, nauona waya wa chaja ya simu.

Nyaya nyingi za Type-C za chaja za simu ni USB 2.0. Zinapitisha umeme na data ya megabiti 480 kwa sekunde, lakini njia za kupitishia picha hazimo ndani. Kichwa cha waya huo kina umbo lilelile la waya wa Thunderbolt, aina ya kasi zaidi yenye gigabiti 40 kwa sekunde. Kwa hiyo mimi siulizi doki ina matundu mangapi. Nauliza waya ukifa unabadilishwa? Waya ndio unaokunjwa na kuvutwa kila siku, na ukiwa umegandishwa kwenye boksi, siku unapokatika umepoteza doki nzima.

Ya kwanza kwangu ni Dell WD19S, naipenda na sifichi. Waya wake umefungwa kwa skrubu upande wa chini, unafunguliwa na kuwekwa mwingine. Ikiwa na adapta ya wati 180, inaipa laptopu ya Dell hadi wati 130, na za kampuni nyingine wati 90. Kwenye Windows monita zinawaka bila draiva ya picha. Wa Linux wanasasisha programu yake ya ndani kwa fwupd, zana ya Linux ya kazi hiyo. Wa Mac wajue jambo moja: kwa doki isiyo ya Thunderbolt, macOS haigawi njia moja ya Type-C kwa monita mbili, hivyo zote mbili zitaonyesha picha ileile.

Ya pili, Lenovo ThinkPad USB-C Dock Gen 2. Waya unachomoka, na kwa Mac kikwazo ni hichohicho.

Ya tatu, CalDigit TS4, ndiyo ya mwenye Mac na mfuko mzito. Ni Thunderbolt 4, ina matundu 18, inachaji kwa wati 98, na waya unachomoka. Ilipotoka 2022 ilikuwa karibu dola 360. Lakini MacBook Air yenye chipu ya M1 au M2 inakubali monita moja tu ya nje, hata doki iwe ya bei gani.

Hapo ndipo watu hukimbilia doki za DisplayLink, ambazo picha yake hupitia programu. M1 itapata monita mbili, ila Mac itataka uiruhusu programu hiyo kurekodi skrini, na filamu za kulipia huonyesha giza. Kwenye Linux, ukisasisha kiini cha mfumo monita zinaweza kuzimika. Kwa kazi za hesabu ofisini, sawa.

Vidoki vya bei ya chini vyenye kijiwaya kilichogandishwa ni vya projekta tu.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji wa doki zilizotumika maofisini ng'ambo. Wanachomoa adapta na waya wake, wanaviuza peke yake, kisha doki wanakupa kwa bei ileile. WD19S bila adapta haiwaki. Sisi wa Tanga tunalipa kabla ya kuona, na nauli ya kurudisha mzigo ni yetu. Mwambie akutumie video doki ikiwasha monita kwa adapta na waya uleule atakaoufungasha. Akikataa, usitume hela.