Uzoefu wangu: fundi wa mjini alivyomkatakata Punda nyaya

Mimi si mtu wa kuandika malalamiko. Hili nimelikalia tangu kabla ya Ramadhani nikisema litapita, halikupita. Jina la gereji silitaji, mume wangu kanikataza, na kuna watoto wa watu wanakula pale.

Punda ni pikipiki ya magurudumu manne, Honda ya zamani ya kabureta, tuliyoinunua mtumba kwa watu waliokuwa wakitembeza watalii. Kazi yake kwetu ni moja: kuvuta mwani mbichi kutoka ufukweni hadi kwenye vichanja. Mwani ulipoanza kulimwa huku mwaka 1989 mama yangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia majini, akabeba kichwani, na mimi nikabeba kichwani. Inatosha. Punda hana kosa, nataka hilo lieleweke. Chombo chochote ukikipitisha kwenye maji ya chumvi kila bamvua, kuna siku kitasema.

Na siku hiyo akasema. Maji yamekupwa hadi mwambani, wenzangu washatangulia, nabonyeza stata: tik. Nabonyeza tena: tik. Taa ya kijani ya gia huru inafifia, inazima, nikiachia kidole inarudi. Kesho yake asubuhi akawaka kwa mguso mmoja kama si yeye. Mchana tena tik. Maradhi ya kuja na kuondoka, yale yanayokufanya uonekane mwongo mbele ya daktari.

Tukampakia kwenye kirikuu, mimi na mtoto wa dada yangu, mvulana wa skuli asiyejua hata kufunga nati. Fundi katoka chini ya gari, kafuta mikono, salamu kampa mtoto. "Kijana, chombo chako kina nini?" Mtoto akanitazama. Nikasema chombo ni changu, na tatizo ni hivi na hivi, linazidi baada ya kupita majini. Hakugeuza hata shingo. Kamwambia mtoto: "Mwambie mama akakae kivulini, haya mambo ya moto."

Nikaenda kukaa kivulini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikwenda. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mkoba mapajani, kama niliyekuja kuomba sadaka.

Muda wote ule sikuona mita ya kupimia umeme. Fundi wa umeme asiye na mita, sijui yeye ni fundi wa nini. Alichukua bisibisi akaziunganisha zile nati mbili za relei ya stata, cheche ikaruka, stata ikaguna kidogo tu kama mzee anayeinuka kitini. "Betri imekufa." Betri ile ilikuwa na miezi michache. Akafunga nyingine, 90,000. Tik. "Basi sidiai." Mimi kutoka kwenye ndoo, kwa adabu zote, nikamuuliza: "Mwanangu, sidiai si ndiyo inayopeleka moto kwenye plagi? Stata yenyewe haizunguki, plagi inaingiaje hapo?" Akacheka. Hakunichekea mimi, aliwageukia wenzake akacheka nao.

Hadi alasiri alikuwa keshaufumua mkanda mzima wa nyaya. Anakata hapa, anasokota shaba kwa vidole, anazungushia solotepu nyeusi, anahamia pengine. Halafu ghafla Punda akawaka. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, ili niende kulipa. Jumla na ile betri, 130,000.

Bamvua iliyofuata: tik. Na sasa hata taa ya mbele inapepesa, jambo ambalo halikuwapo.

Nina ami yangu, alikuwa fundi wa redio enzi za redio. Macho yamepungua lakini mita anayo, kaifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Kwanza kapima betri: 12.6, nzima. Kisha akafanya kitu ambacho nataka kila mwenye chombo cha pwani akijue. Ncha nyekundu ya mita akaigusisha kwenye chuma cha injini, nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, akaniambia, "Bonyeza." Nikabonyeza. Mita ikasoma 3.4. "Hapa panatakiwa pakaribie sifuri," akasema. "Ikizidi nusu volti, kuna mwizi njiani." Yaani umeme wa kurudi kwenye betri ulikuwa unapotelea kwenye waya mmoja usiofika hata urefu wa mkono wangu.

Akafungua ule waya mnene wa hasi pale unapokaza kwenye injini. Chini ya pete kulikuwa na unga wa kijani, kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Akachuna ganda, shaba ndani nyeusi, akakata, nyeusi bado, akakata tena mpaka akakutana na inayong'aa. Chumvi hutambaa ndani ya ganda mahali usipopaona. Akafunga pete mpya, akasugua kikao cha boliti kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza, juu akapaka mafuta ya mgando ya kawaida, yale ya kujipaka. Mita: 0.1. Bonyeza. Punda akaamka na kijiji kikamsikia. Tulipokoleza mafuta mita kwenye betri ikasoma 14.1, maana yake anachaji na rektifaya yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, ni nzima.

Kazi ya dakika arobaini. Na kule mjini aliwaka kwa sababu tu katika kuvutavuta nyaya ule waya ulicheza ukagusa vizuri. Bahati, si ufundi.

Ningeishia hapo ningempa angalau nusu nyota. Lakini ami akasema tuzifumue zile solotepu. Chini yake viungo vilivyosokotwa vilikuwa vishaanza ukijani, kwa sababu shaba iliyosokotwa tu bila kulehemu, kwenye hewa ya bahari, haimalizi msimu. Tukafika kwenye fyuzi. Hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na uzi wa shaba umekunjwa mara mbili. Fyuzi ni kitu cha shilingi mia tano! Ndiyo inayokatika ili nyaya zisiungue, na mimi wiki zote zile nimekaa juu ya tangi la petroli, nyuma nimempakia mwanangu, chini yetu uzi wa shaba ambao hautakatika kwa lolote.

Kwa hiyo mlioitambua gereji hata bila jina, msiende. Au ngojeni, niseme kweli, maana nitaulizwa. Siku ile tunapandisha Punda kwenye kirikuu, kijana anayemshikia fundi spana alinisogelea akaninong'oneza: "Shangazi, ule waya mnene wa hasi kwenye injini, tafuta mtu aupime." Mimi na hasira zangu nikamjibu, "Nyote hamna maana." Mtoto wa watu alikuwa na jibu mkononi, mimi nikamtusi. Basi nendeni, lakini nendeni bosi akiwa kenda kuswali, muulizieni yule kijana mwembamba. Akifungua chake mimi nitakuwa mteja wa kwanza, na samahani nitamwomba mbele za watu.

Bosi sina la kumwomba. Ila nina la kumdai. Betri yangu ya kwanza, ile "iliyokufa", ilibaki kwake, na leo ami kanambia yaelekea haikuwa na ubaya. Nimepiga simu mara tatu, anasema kaitupa. Binti yangu aliitia doa la rangi ya kucha nyekundu kwenye kichwa cha chanya tusije tukakosea kufunga. Mtu akiuziwa betri ya mtumba mjini yenye doa hilo, hiyo ni yangu.