Alex Trebek au Regis Philbin: nani alijua zaidi kuendesha chemsha bongo?

Wote wawili, waendesha chemsha bongo za televisheni ya Marekani, walifariki mwaka 2020, na kila nikitazama vipindi vyao vya zamani narudi kwenye ubishi uleule.

Philbin aliongoza Who Wants to Be a Millionaire ya Marekani kuanzia Agosti 1999. Nguvu yake ilikuwa ukimya. Mshiriki anataja jibu, naye anamuuliza kama hilo ndilo la mwisho, kisha anamwacha atokwe jasho. Novemba mwaka huo, John Carpenter alipofika swali la dola milioni moja, alitumia nafasi ambayo mshiriki hupewa ya kumpigia mtu simu, akampigia baba yake, si kuomba msaada bali kumwambia kwamba anakaribia kushinda. Mpaka leo mwili hunisisimka nikiitazama.

Trebek, mzaliwa wa Sudbury, Kanada, hakuwa na nafasi ya kunyamaza. Katika Jeopardy!, chemsha bongo aliyoiendesha, vidokezo hufikia 61 ndani ya nusu saa, na mshiriki hutoa jibu lake kwa umbo la swali. Alivisoma kwa matamshi safi na kusahihisha kosa bila kumdhalilisha mtu, tangu 1984. Machi 2019 alitangaza kuwa ana saratani ya kongosho, lakini aliendelea kurekodi hadi siku kumi kabla ya kifo chake.

Kwa msisimko wa usiku mmoja, mpe Philbin. Mimi namchagua Trebek. Kwake yeye mwenye kung'aa alikuwa mshiriki. Hata katika utambulisho alitaka aitwe mwendesha kipindi, si nyota.