Bampa za Probox: rangi ilivyobanduka mara ya kwanza, na ilivyokaa mara ya pili

Siku nilipofungua namba pleti ya mbele ili nifunge mpya, nilisimama pale na bisibisi mkononi nikitazama bampa. Pale pleti ilipokuwa imefunika, plastiki ilikuwa nyeusi tititi. Kwingine kote ilikuwa na rangi ya jivu, na ukiigusa kidole kinatoka na unga mweupe. Wanangu walizaliwa gari likiwa hivyo, wao wanajua Probox yetu ina bampa za kijivu.

Gari lenyewe ni Probox nyeupe ya 2012. Bampa zote mbili, vishikio vya milango na vioo vya pembeni ni plastiki tupu iliyoachwa bila rangi tangu kiwandani. Nasambaza mayai kwenye maduka ya Buruburu, Umoja na Donholm, kwa hiyo linashinda juani kutwa. Jioni naliegesha ubavu wa kulia ukitazama magharibi, na ubavu huo ndio uliopauka vibaya zaidi. Jua la Nairobi watu hulidharau kwa sababu kuna baridi, lakini tuko karibu mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, na tuko jirani kabisa na ikweta. Miale ya urujuanimno ya jua (UV) huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Miale hiyo hukatakata plastiki pale juujuu, inafanya nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwanga ukigonga nyufa hizo ndipo tunaona weupe. Kwa hiyo haukuwa uchafu. Nilikuwa nasugua kwa sabuni kitu kisichooshwa.

Kwa miaka nilifanya wanavyofanya wengi. Waosha magari walinipakia polishi ya dashibodi kwa shilingi 100, bampa zinameremeta, mvua moja ikinyesha zinarudi vilevile. Kisha mtu akanishauri dizeli kwenye kitambaa. Dizeli inatia weusi kweli, ila vumbi la Outering Road linang'ang'ania pale hadi bampa inakuwa kama imepakwa uji wa udongo, na harufu inaingia ndani ya gari lenye mayai ya watu. Niliacha baada ya wiki mbili.

Halafu nikalipa fundi wa rangi. Karakana siitaji. Aliniomba 3,500, akapangusa bampa kwa kitambaa, akapuliza rangi nyeusi inayong'aa, na ndani ya saa moja nilikuwa barabarani. Lilipendeza hadi majirani wakauliza kama nimebadilisha gari. Wiki ya tano, kijana wa kuosha aliweka mashine ya presha kwenye kona ya bampa ya mbele, na rangi ikainuka mzimamzima kama ngozi ya nyoka aliyejivua. Niliokota kipande kikubwa kama kiganja. Upande wa nyuma kilikuwa laini, kinateleza, hakina hata alama moja ya msasa. Hapo nilielewa kwamba rangi haikuwahi kushika chochote, ilikuwa imelala tu juu ya polishi yangu ya miaka mingi. Nilirudi kulalamika, nikaambiwa ni plastiki mbaya. Pesa hazikurudi, na hilo bado linaniuma.

Aliyenifungua macho ni mzee anayeuza rangi za magari Kirinyaga Road. Nilimwonyesha kile kipande. Hakuuliza bei niliyolipa, aliuliza, "Mama, hapo umewahi kupaka polishi ya kung'arisha?" Nikamwambia kila Jumamosi. Akatikisa kichwa. Polishi nyingi za aina hiyo zina silikoni, na silikoni na rangi ya gari hazikai pamoja. Akaniambia nichungulie nyuma ya bampa, nitakuta herufi zimechapwa. Kweli zipo, zinaanza na PP, yaani plastiki ya aina ya polipropilini. "Hiyo PP," akasema, "ukiipaka rangi hivihivi ni kama maji juu ya jani la nduma." Inahitaji praima yake maalum ya plastiki, ile isiyo na rangi, ndiyo inayofanya koti ya juu ishike. Praima ya kawaida ya mabati haisaidii hapo.

Nikaamua kazi hii nitaifanya mwenyewe, na mtoto wa kaka yangu anisaidie. Praima ya plastiki ilinigharimu 1,100. Mikebe mitatu ya rangi nyeusi ya kupuliza, ile ya mng'ao hafifu, 550 kila mmoja. Dawa ya kuondoa mafuta 600, karatasi sita za msasa 300, tepu ya karatasi 300, glavu na maski 250. Jumla 4,200, yaani 700 tu zaidi ya ile kazi iliyobanduka. Rangi ya mng'ao hafifu niliichagua makusudi. Inayong'aa sana hufanya bampa ya Probox ionekane kama ndoo mpya, na kila mkwaruzo unaonekana.

Jumamosi nzima iliisha kwenye kusafisha peke yake, na ningepewa nafasi ya kurudia ningeongeza saa nyingine. Tulitoa bampa zote mbili, tukabandua rangi ya zamani yote iliyolegea, tukaosha kwa sabuni ya vyombo na brashi. Bampa hizi zina vipele vidogo kama ganda la chungwa, na polishi hujificha katikati ya vipele hivyo, kwa hiyo kwenye kona tulitumia mswaki wa meno. Baada ya kukauka ikaja dawa ya kuondoa mafuta: kitambaa kimoja chenye dawa kinapita, cha pili kikavu kinafuata papo hapo kabla dawa haijaruka hewani, la sivyo unahamisha tu mafuta kutoka hapa kwenda pale. Nilitumia vipande vya shuka jeupe ili nione kinachotoka. Kipande cha kwanza kilitoka na ukoko wa kahawia kama wa sufuria ya chai. Cha tatu bado. Cha saba kilitoka kijivu kidogo kwenye ncha. Cha tisa kilitoka cheupe, na hapo tu ndipo nilipomruhusu kijana achukue msasa.

Msasa namba 400, kwa maji, mkono mwepesi. Lengo ni kuondoa ule unga na kuacha plastiki ikiwa na mikwaruzo midogo ya kushika rangi. Ukikaza sana unaua vipele, na plastiki inaanza kuota vinyweleo ambavyo rangi haiwezi kuvificha. Tukaosha tena, tukaanika, tukapitisha dawa mara ya mwisho. Kuanzia hapo hakuna kugusa kwa mkono mtupu, maana jasho la kidole nalo ni mafuta.

Jumapili asubuhi tulinyunyizia maji uani ili vumbi litulie, tukaweka bampa kivulini. Plastiki yenye moto wa jua hukausha rangi kabla haijatandaza, unabaki na uso wa kuparuza. Praima koti moja nyembamba, dakika 10 kama mkebe ulivyoandikwa, kisha rangi. Tulipuliza kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, tukianza nje ya ukingo na kumalizia nje ya ukingo, koti tatu nyepesi. Koti ya kwanza inatisha, bampa inaonekana kama imenyunyiziwa tu pilipili manga, na kishawishi ni kuongeza hapo hapo. Kijana aliongeza. Ikatiririka machozi mawili kwenye kona ya kulia. "Shangazi, nipangushe?" Nikamwambia asiguse. Tuliisubiri hadi ikakauka kabisa siku ya pili, tukailainisha kwa msasa namba 600, tukarudia sehemu hiyo. Leo sioni ilipokuwa. Gari sikuliosha kwa siku saba.

Kwenye vishikio vya milango, vioo vya pembeni na ile plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele penye waipa sikupaka rangi. Vishikio vinakwaruzwa na kucha na pete kila siku, rangi ingetoka mapema. Huko nilitumia dawa ya maji ya kurudisha weusi, chupa ndogo shilingi 1,800. Inapakwa kwa sponji, inapanguswa, basi. Kusema kweli weusi wake ni mzuri kuliko wa rangi, ni kama plastiki yenyewe imekunywa maji. Vioo vya pembeni vilikaa vizuri muda mrefu. Chini ya kioo cha mbele, jua linapopiga wima, ilianza kupauka mwezi wa tano tangu nipake. Kama plastiki yako imefifia tu na haijaanza kutoa unga, anza na dawa hii, kwa sababu ukishapaka rangi huna njia rahisi ya kurudi nyuma. Bampa zangu zilikuwa zimevuka hapo.

Tulijaribu pia bunduki ya hewa moto, upande wa ndani ambao hauonekani, pale palipokuwa pamepauka kidogo. Weusi ulirudi mbele ya macho yetu, ajabu kabisa. Miezi miwili baadaye kijivu kikawa kimerudi, na ukichelewesha mkono plastiki inapinda. Sipendekezi.

Sasa ni miezi 14. Presha ya maji inapita kila wiki na hakuna hata ukingo mmoja ulioinuka. Chini ya bampa ya mbele kuna alama saba za mawe ya barabarani, ndogo kama punje za mtama, nimezigusia kwa rangi iliyobaki kwenye mkebe wa tatu. Ile sehemu iliyo nyuma ya namba pleti niliizibia kwa tepu kusudi, ibaki na weusi wake wa kiwandani nipate cha kulinganisha. Wiki iliyopita nimeifungua. Rangi yetu inang'aa zaidi kidogo, na weusi ni uleule. Vishikio nitavipaka dawa tena mwezi ujao, na bampa sizigusi.