VLC 3 kwa jicho la usalama: naipa nyota nne

Naitumia VLC, programu ya kuchezea video na muziki, kwenye Windows na Ubuntu (aina ya Linux). Kwamba inacheza karibu kila faili hilo halina ubishi. Hapa nazungumzia usalama tu. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya masasisho.

Hiyo sifa ya kucheza kila kitu ndiyo pia inayozaa mianya ya usalama. Kila aina ya faili ina sehemu yake ya kuisoma, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa lugha za programu za C au C++, na kosa la kawaida ni sehemu hizo kuamini namba zinazozikuta kwenye faili. Chukua MP4: kila kipande huanza na baiti 4 za ukubwa na baiti 4 za jina. Programu ikijumlisha ukubwa huo na mwingine kwa hesabu ya biti 32, jumla ikivuka 4,294,967,295 inajirudia kuanzia sifuri. Basi inatengwa nafasi finyu, halafu data nyingi zinamwagwa humo. Zinazofurika zinaandika juu ya vitu vya jirani kwenye memori, na aliyetengeneza faili ndiye anayeamua ziandike nini. Stagefright, maktaba ya Android ya kuchezea video na sauti, ilipatikana na kosa la namna hiyo mwaka 2015, kwenye kipande kiitwacho tx3g, ambacho kazi yake ni kubeba manukuu, yaani maandishi yanayotokea chini ya video!

Manukuu tunayadharau mno. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point walionyesha jinsi faili la manukuu linavyoweza kumpa mdukuzi kompyuta kupitia VLC na programu nyingine za video: Kodi, Popcorn Time na Stremio. Faili la SRT, aina ya kawaida ya manukuu, huwa ni namba, muda na maneno, basi. Lifungue kwanza kwa Notepad. Ukikuta herufi zisizosomeka au mstari mrefu usioisha, lifute.

Julai 2019 kulikuwa na kelele kwamba VLC iondolewe, kisa mwanya uliosajiliwa kwa namba CVE-2019-13615 na kupewa alama 9.8 kati ya 10 za ukali. Kumbe kosa lilikuwa kwenye libebml, maktaba ya kusomea faili za video za MKV ambayo si sehemu ya VLC yenyewe, na VideoLAN, watengenezaji wa VLC, walikuwa wameshatoa VLC yenye libebml iliyorekebishwa tangu toleo 3.0.3. Aliyeripoti alikuwa na Ubuntu 18.04 yenye libebml ya zamani. Alama ikashushwa hadi 5.5. Kwa hiyo kwenye Linux usiishie kuangalia namba ya VLC. Endesha sudo apt update, kisha sudo apt upgrade, maktaba nazo zipande.

Sasa ile nyota. Toleo 3.0.7 la Juni 2019 lilifunga mianya 33 kwa mkupuo, hasa kutokana na mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuwalipa wanaogundua kasoro. Kazi nzuri. Lakini kwenye Windows VLC 3 haijisasishi kimya kimya kama kivinjari: inaleta kidirisha cha taarifa, na mtu aliyekaa tayari kutazama filamu anakifunga. Bonyeza Shift+F1 uone toleo lako, kisha Ctrl+P uhakikishe taarifa za masasisho zimewashwa. Humo humo zima ruhusa ya kutafuta maelezo ya faili mtandaoni kama huihitaji.

Chukua VLC ya biti 64, na iwe kutoka videolan.org. Windows huchanganya mahali vitu vinapokaa kwenye memori ili mdukuzi asivilenge kwa urahisi, na biti 64 zina uwanja mpana zaidi wa kuchanganyia. Hiyo ni breki tu, si ukuta. Video ikikutaka upakue "kodeki" (programu ndogo ya kufungulia video) usikubali, na washa uonyeshaji wa viendelezi vya faili (herufi za mwisho wa jina, kama .mp4) ili filamu.mp4.exe, ambayo ni programu na si video, isijifiche.

Programu ikizima ghafla kwenye faili lile lile, sekunde ile ile, usilijaribu mara ya tatu kabla ya kusasisha. Huenda faili limeharibika tu, lakini mtego ulioshindwa kufyatuka nao huonekana hivyo hivyo. Sasisha kwanza, programu ikizima tena, lifute faili hilo.