Pipa la mboji na wavu wa chuma chini: miezi 8 nikiutumia

Jamani panya walinihangaisha kwenye mboji mpaka nikataka kuacha kabisa. Pipa langu ni lile la plastiki, mfuniko wake unazungushwa unabana, paka na mbwa walishindwa siku ileile, nikajua kazi imeisha, kumbe pipa lenyewe halina kitako, linakaa juu ya udongo tu, na panya mfuniko haumhusu, anachimba kwa nje anatokea ndani. Asubuhi moja nageuza mboji nakuta kiota na vitoto. Iliniuma sana, manake mboji hiyohiyo ndo inaenda kwenye mboga.

Nikaanza na wavu wa kuku kwa sababu ndo ulikuwepo nyumbani. Usihangaike nao. Matundu makubwa, waya mwembamba, panya wadogo wanapita tu na wakubwa wanautafuna.

Kilichonisaidia ni wavu wa chuma wa kuchomelewa, matundu milimita 6, umepakwa zinki ili usishike kutu haraka. Upo na wa milimita 12, huo panya wakubwa hawapiti lakini vile vipanya vidogo vya ndani ya nyumba vinapenya, kwa hiyo kama unanunua chukua wa 6. Nimeukata ukazidi upana wa pipa kwa chini kama sentimita 15 kila upande, afu nikaukunjia juu ukalikumbatia pipa, nikaufunga kwa waya. Minyoo inapita kama kawaida na maji hayatuami.

Naupa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa sababu kuukata ni kazi kwelikweli, ncha zake zinachana, vaa glavu nzito, na wakati wa kutoa mboji ya chini huwezi kushindilia sepetu maana utakwangua zinki.

Ila wavu peke yake hautoshi, niseme ukweli. Nyama, mifupa, mafuta na chakula kilichopikwa siweki kabisa. Maganda nayafukia sentimita 20 hivi, juu naweka majani makavu mengi, harufu haitoki. Na kila wiki nageuza na kumwagia maji kidogo, panya anapenda pakavu pasipoguswa, ukimsumbua hawezi kujenga.

Tangu hapo ndani sijaona hata kinyesi chao. Kujaribu wamejaribu, pembeni ya pipa kuna mashimo mawili, nilipoyafukua yote yameishia kwenye wavu.